Kipanya cha gemu kinachokaa mkononi

Ukitaka kujua kama kipanya kinakufaa, acha kwanza taa zake na namba zilizoandikwa kwenye boksi. Angalia kidole chako cha pete. Shika kipanya kama unavyokishika ukiwa katikati ya mchezo, kisha tazama kidole hicho kimekaa wapi. Kimelala ubavuni mwa kipanya sambamba na kidole cha mwisho? Kimepanda juu na kubanana na kidole cha kati? Au kinaburuzwa mezani? Vidole hivi viwili vya mwisho, vikisaidiana na gumba, ndivyo vinavyobana kipanya, kukiongoza na kukinyanyua. Vikikosa mahali pa kukaa, mkono mzima hukaza ili kuziba pengo hilo, na baada ya saa moja maumivu hupanda mpaka kwenye kiwiko. Mchezaji hudhani amechoka, kumbe ni umbo la plastiki tu halikulingana naye.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima mkono. Laza kiganja juu ya karatasi nyeupe, vidole vimebanana, gumba limeachwa pembeni. Weka alama kwenye ule mkunjo wa kifundo ambako kiganja kinaanzia, na nyingine kwenye ncha ya kidole cha kati. Umbali kati ya alama hizo ndio urefu wa mkono. Upana upime penye viungo vya vidole, kutoka ubavu wa kidole cha shahada mpaka ubavu wa kidole cha mwisho, gumba halihesabiwi. Rula ya shule inatosha. Futi ya fundi cherehani usiitumie kwa kuilaza juu ya mkono, maana hufuata mabonde ya kiganja na kukupa milimita ambazo huna. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 17 na 20 kwa urefu.

Wachezaji wana kanuni yao ya asilimia 60: urefu wa kipanya uwe karibu asilimia 60 ya urefu wa mkono, na upana wa mahali pa kushikia uwe karibu asilimia 60 ya upana wa mkono. Mkono wa sentimita 19 kwa 9 unapata kipanya cha milimita 114 kwa urefu na 54 kwa upana. Haikutoka maabara, kwa hiyo ichukue kama mahali pa kuanzia tu. Hapa kuna kosa linalowapata wengi: upana unaoandikwa kwenye boksi huwa ni wa pale kipanya kilipo kinene zaidi, mara nyingi nyuma au mbele kabisa, ilhali wewe unashika katikati, kiunoni. Vipanya viwili vyenye upana wa milimita 63 kwenye maandishi vinaweza kutofautiana milimita 5 au zaidi penye gumba na kidole cha pete. Mkono unazihisi mara moja.

Kanuni hiyo hubadilika kulingana na unavyoshika, na mishiko mikuu ni mitatu. Wapo wanaolaza kiganja chote juu ya kipanya, vidole vimenyooka juu ya vitufe. Hao wanahitaji kipanya kirefu kuliko asilimia 60, chenye mgongo unaojaza kiganja. Wapo wanaogusisha sehemu ya chini ya kiganja tu huku vidole vikiwa vimekunjwa kama kucha za mwewe. Hao hutaka nundu iliyokaa nyuma, iwape pa kuegemea. Wengine hushika kwa ncha za vidole peke yake, kiganja hakigusi kitu, na kwao kipanya kifupi na chembamba ndicho raha. Ili ujue wewe ni wa kundi gani usijiulize, maana ukijiangalia unabadilisha mshiko bila kujijua. Mwombe mtu akupige picha ya mkono kutoka ubavuni ukiwa umezama kwenye mechi. Picha hiyo haikosei.

Kimo cha kipanya husahaulika sana dukani, na kwa maoni yetu ndicho kinachotofautisha kipanya kizuri na kile unachokipenda. Logitech G102 ina urefu wa milimita 116.6 na kimo cha milimita 38 hivi. Razer DeathAdder V3 ina urefu wa milimita 128 na kimo cha 44. Ukisoma tu, milimita 6 za kimo ni kitu kidogo. Mkononi ni umbali kati ya kiganja kilichotulia na kiganja kinachoning'inia. Mtu mwenye mkono wa sentimita 20 anayelaza kiganja chote atateseka na kipanya kifupi kisicho na mgongo: atakunja vidole bila kutaka, atakandamiza kifundo mezani, na kidole cha mwisho kitaburuzwa juu ya padi, yaani kile kimkeka cha kuchezeshea kipanya, mpaka kichubuke. Mwenye mkono wa sentimita 17 akishika kile kirefu, kidole chake cha kati hakifiki vizuri kwenye gurudumu, kwa hiyo kila akilizungusha anasogeza kiganja kizima mbele, na mshale wake unayumba.

Angalia pia mwinamo. Vipanya vya mkono wa kulia huinuka upande wa kushoto na kushuka upande wa kulia, ili mkono ulale kwa pembe kidogo kama ulivyo ukiwa umetulia. Hivyo huwapumzisha wanaolaza kiganja. Vile vyenye ubavu sawa pande zote mbili, kama Logitech G Pro X Superlight, huwafaa wanaoshika kwa kucha au kwa ncha, na wenye mkono wa kushoto. Kwa hao wa mkono wa kushoto neno moja tu: vingi vya "pande zote mbili" vina vitufe vya pembeni upande wa kushoto peke yake, kwa hiyo kwako vitakuwa chini ya kidole cha pete. Jaribu kuvibonyeza kabla ya kulipa.

Uzito nao. Michezo ya risasi kama Counter-Strike na Valorant inakutaka unyanyue kipanya na kukirudisha katikati ya padi mara nyingi mno kwa mechi moja, na kila unyanyuo ni kazi ya gumba na vidole viwili vya mwisho. Ndiyo maana vipanya vya siku hizi vimepunguzwa sana: Superlight ina uzito chini ya gramu 63, Razer Viper Mini ni gramu 61, wakati Logitech G502 Hero yenye waya ni gramu 121, na ina vijiuzito vitano vya gramu 3.6 vya kuongeza ukitaka. Si kila mtu anahitaji chepesi. Katika Dota 2 au League of Legends kipanya kinanyanyuliwa mara chache na kubonyezwa mara nyingi, kwa hiyo pale angalia ulaini wa vitufe kuliko gramu. Lakini kama unacheza michezo ya risasi na kifundo kinakuuma, kushuka kutoka gramu 120 hadi chini ya 90 ni nafuu utakayoihisi siku ileile.

Uzito ukae katikati, usielemee upande. Funga macho, bana kipanya kwa gumba na kidole cha pete palepale unaposhika, kinyanyue sentimita mbili. Mkia ukilala chini, kila unyanyuo utakuwa wa kupigana nao. Hili hutokea sana kwa vipanya vya betri ya AA. Logitech G305, kwa mfano, ina gramu 99 ikiwa na betri, na betri hiyo imekaa nyuma. Betri ya kawaida ya AA ya alkali ina gramu 23 hivi. Ya lithiamu ya ukubwa uleule ina gramu 15. Badilisha hiyo tu, umepunguza gramu 8 pale pale mkiani. Wengine hutumia betri ndogo ya AAA ndani ya kikasha cha kuibadili iwe na umbo la AA, nayo hupunguza zaidi, ila huisha mapema.

Sasa vitufe. Kitufe cha kawaida hudai msukumo wa kama gramu 60 hadi 75. Kigumu kuliko hapo kinachosha kidole cha shahada, na chepesi mno kinafyatuka ukipumzisha kidole tu, kwa hiyo unakaa umeinua kidole hewani muda wote, jambo linalochosha zaidi ya ugumu wenyewe. Bonyeza kitufe karibu na ncha, kisha katikati, kisha karibu na mgongo. Pale nyuma kitakuwa kigumu, ni kawaida, kwa kuwa uko karibu na egemeo. Ikiwa vidole vyako vinaangukia hapo kwenye ugumu, kipanya ni kirefu kwako. Vitufe vya pembeni vinapaswa kukaa juu ya gumba, si chini yake: gumba lililotulia liguse ubavu mtupu, na lipande kidogo tu kubonyeza. Gumba likilala juu ya kitufe, utakibonyeza bila kukusudia kila unaponyanyua.

Kuna jambo linalowahusu hasa wanaocheza Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar na kokote kwenye joto la pwani, nalo ni mpira wa pembeni. Vipanya vingi vina utando laini wa mpira pale gumba linapokaa. Dukani unapendeza, unashika vizuri, unaonekana wa bei. Mkono ukitoa jasho kila siku na hewa ikiwa na unyevu, utando huo huanza kuvunjika wenyewe: kwanza unang'aa, halafu unanata kama gundi, mwisho unabanduka na kuacha weusi kwenye gumba. Kuufuta kwa maji na sabuni hakusaidii kwa sababu si uchafu, ni utando wenyewe uliooza. Unaondolewa kwa spiriti, isopropili ya asilimia 70 au zaidi. Toa betri au chomoa waya, lowesha kitambaa cha pamba, kisugue kwa zamu fupi, geuza kitambaa kila kikijaa, mpaka ufike kwenye plastiki ngumu. Usimwagie spiriti moja kwa moja, itaingia kwenye maungio ya vitufe. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha usiisogeze kabisa, kwani huyeyusha plastiki, na alama yake haitoki.

Kwa mikono yenye jasho tunapendekeza plastiki kavu isiyo na utando, yenye ukwaruzo mdogo. Plastiki inayong'aa huteleza mara tu jasho linapotoka, na mkono unaoteleza hubana zaidi, na kubana ndiko kunakochosha. Kama kipanya ulichonacho kinateleza, bandika plasta ya kitambaa ya wanamichezo ubavuni, kipande cha sentimita 2 kwa 5 kila upande, ukikata pembe zake mviringo ili zisibanduke. Plasta hiyo pia huongeza upana kidogo, kwa hiyo ni dawa ya kipanya chembamba kidogo. Kimo hakiongezeki kirahisi namna hiyo. Ndiyo sababu tukasisitiza kimo kabla ya kununua.

Ukiwa dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, Nairobi, omba boksi lifunguliwe. Muuzaji akikataa kipanya anachouza kishikwe, nenda duka la pili. Kaa, usisimame, na weka mkono juu ya kaunta kama ni meza. Shika kwa dakika tatu nne bila kubadilisha mshiko, sogeza huku na huku, nyanyua mara ishirini. Kisha bana ubavu kwa nguvu: plastiki ikilia au kitufe cha pembeni kikijibonyeza chenyewe, rudisha. Kitikise karibu na sikio; gurudumu linalogonga ndani litakukera usiku kucha. Geuza uone miguu yake ya chini. Miguu myeupe ya teflon yenye kingo za mviringo huteleza. Miguu ya plastiki nyeusi yenye kingo kali hukwama kwenye padi ya kitambaa. Na boksi la kipanya cha bei ya chini kabisa likiandika DPI (idadi ya nukta ambazo kipanya husoma kwa kila inchi ya mwendo) kubwa za kutisha, elewa kwamba namba hiyo mara nyingi imekuzwa kwa hesabu tu. Hutaitumia hata hivyo. Wachezaji wengi wa michezo ya risasi hukaa kati ya DPI 400 na 1600.

Kipanya cha mtumba kina kipimo chake kingine. Chagua faili kwenye kompyuta, liburuze polepole kuzunguka skrini nzima huku umebonyeza. Likidondoka njiani, kitufe kimechoka. Bonyeza folda mara moja moja kwa utulivu. Ikifunguka kana kwamba umebonyeza mara mbili, kibati kidogo cha ndani ya swichi kimelegea au kimeshika kutu. Fundi anaweza kubadilisha swichi kwa kuyeyusha risasi ya kulehemu kwenye sehemu tatu, lakini weka gharama hiyo kwenye bei kabla ya kukubaliana.

Pima pia umbali ambao kipanya kinaacha kusoma kikinyanyuliwa. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Weka kadi chini ya miguu ya mbele na nyingine chini ya miguu ya nyuma, bila kuziba jicho la sensa linalosoma mwendo, kisha sogeza. Ongeza kadi juu yake. Mshale ukiendelea kutembea kukiwa na kadi tatu tatu, yaani zaidi ya milimita 2, kila unyanyuo utakupotezea shabaha, na mkono utajifunza kunyanyua juu zaidi ya inavyohitajika. Vipanya vingi vizuri hukuruhusu kupunguza umbali huo kwenye programu yake.

Kipanya sahihi chenye mipangilio mibaya bado kitaumiza. Kwenye Windows ondoa ile tiki ya kuongeza usahihi wa mshale, kwa sababu inafanya mwendo uleule wa mkono utoe umbali tofauti kulingana na kasi, na mkono haupati mazoea. Halafu tazama unatumia sentimita ngapi kugeuka mzunguko mzima ndani ya mchezo. Kwenye Counter-Strike, DPI 800 na wepesi wa mshale (sensitivity) wa 1 ni kama sentimita 52. Wepesi wa 2 ni sentimita 26. Ukiwa kwenye sentimita 20 au chini ya hapo, kifundo cha mkono ndicho kinachofanya kazi yote kwa mizunguko midogo mikali. Ukipanda kuelekea sentimita 40 au 50, bega na kiwiko huanza kusaidia, na misuli mikubwa huchelewa kuchoka. Usiruke kwa siku moja. Punguza wepesi kwa sehemu ya kumi kila baada ya siku kadhaa. Na uwe na padi ya kutosha: ya sentimita 45 kwa 40 inakuwezesha kugeuka nusu mzunguko bila kunyanyua hata ukiwa kwenye 52, mradi uanzie upande mmoja. Padi ya kitambaa ikizoea jasho na mafuta huwa nzito kwa kipanya kuteleza. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, isuuze, ianike kivulini usiku mzima. Wakati wa mvua za masika ipe siku mbili.

Meza nayo ina lawama yake. Kiwiko kikae usawa wa meza au juu yake kidogo. Kama meza iko juu mno kwako, weka mto kwenye kiti na kitu chini ya miguu. Kibodi yenye sehemu ya namba ina upana wa sentimita 44 hivi, na kwa mtu wa mkono wa kulia inasukuma kipanya mbali na mwili. Ile isiyo na namba huokoa kama sentimita 8. Usipotaka kununua nyingine, igeuze kidogo, upande wa namba usogee mbele, kipanya kiingie hapo kilipoachiwa nafasi. Waya ufunge kwa utepe wa gundi wa karatasi kwenye ukingo wa mbali wa meza, ukiacha kitanzi cha kama sentimita 30 kinachocheza huru. Kwa kipanya kisicho na waya, kipokezi kiwe karibu na padi, mbali na matundu ya USB 3, kwa kuwa mawasiliano yake huvuruga masafa ya gigahezi 2.4 na mshale huanza kurukaruka. Waya wa kurefushia USB wa mita moja unamaliza tatizo hilo.

Mwisho, ganzi. Vidole huonyesha ni wapi panapobanwa. Ganzi ya gumba, kidole cha shahada na cha kati ni neva inayopita katikati ya kifundo. Tafuta kifundo kilichopinda kwenda juu, kipanya kirefu cha kimo kupita mkono wako, au ukingo wa meza unaokandamiza. Ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya cha pete ni neva nyingine, ile inayopita kwenye kiwiko. Angalia kama kiwiko kimeegemea mbao au mkono wa kiti, au kisigino cha kiganja kimekandamizwa mezani. Taulo iliyokunjwa chini ya mkono hutosha kujaribu. Rekebisha kimoja kwa wakati, ucheze siku tatu, ndipo uguse kingine, la sivyo hutajua kilichosaidia. Ganzi ikikuamsha usiku, ikibaki asubuhi, au ukianza kudondosha kikombe, acha kucheza na uende hospitali, na umwambie daktari ni vidole vipi hasa na huanza baada ya muda gani wa kucheza.